Mgiriki Aliyetuletea Hadithi ya Mifupa

Sikumpenda tangu siku ya kwanza, na ilianza na salamu. Nilikuwa nimeketi mlangoni kwa binti yangu pale mtaani Skuta, nachagua maharagwe, mara kivuli kikasimama juu ya sinia. Mwanamke wa kizungu, mrefu, nywele nyeusi zimekatwa kama za mwanaume, na begi la ngozi limemvuta bega moja chini.

"Shikamoo, mama."

Kwetu Nyeri shikamoo ni neno la redio. Mtu mweusi akikwambia shikamoo unafikiri anakucheka. Mzungu akikwambia, unaangalia mkoba wako uko wapi.

"Unataka nani?"

"Namtafuta Mwalimu. Tuliahidiana leo."

"Mwalimu ako kanisani."

Hakuwa kanisani. Alikuwa anaoga, na bafu yenyewe ilikuwa ya mabati, kila kitu kinasikika.

"Maitu!" akaita kutoka huko, maana hivyo ndivyo sisi huita mama. "Mkaribishe ndani! Nakuja!"

Nikamkaribisha kwa kusogeza mguu mmoja. Akapita juu ya mwingine.

Kwa hivyo nianze kwa kusema huyo alikuwa nani. Alikuwa Mgiriki. Alizaliwa Tanganyika, kwenye shamba la mkonge la baba yake, upande ule mwingine wa Kilimanjaro, na akarudi kwao akiwa msichana mkubwa. Ndiyo maana alijua Kiswahili, tena cha huko, laini, kila neno limepigwa pasi. Changu mimi nilikipata sokoni, na kusoma nilisomea ngumbaro, darasa la watu wazima, nikiwa na watoto wakubwa. Nilikuwa nikimsikia akiongea najiona kama mimi ndiye mgeni, na hilo pia halikunifurahisha.

Binti yangu alikutana naye Nairobi kwenye semina ya walimu. Binti yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alipenda kuandika visa vidogo vya Kiswahili vya kusomea watoto darasani. Baba wa mtoto wake alienda Mombasa kutafuta kazi, akapata kazi na akapata mke. Mimi nilikuja Skuta kumwangalia mjukuu. Mshahara wa ualimu ndio uliokuwa nyumba yetu, ndio uliokuwa unga na mafuta ya taa, na shule yenyewe ilikuwa ya kanisa. Serikali ndiyo inalipa mwalimu, lakini kanisa likisema hatumtaki huyu, serikali inamhamisha. Hilo kila mtu alilijua. Nililisema mapema na nikalirudia: binti yangu, usicheze na kanisa.

Siku hiyo ya kwanza nilimuuliza mgeni kazi yake ni gani.

"Natafutia hadithi za kwetu wasomaji wa nje, mama. Ofisi yangu inanituma kwa wachapishaji wa nchi nyingine. Nikimpata mmoja anayekubali, tunamsaidia gharama za kutafsiri."

"Kwa hivyo wewe ni kama wale vijana wa kampuni ya sabuni, wanaopita nyumba kwa nyumba."

"Kama hao kabisa." Akacheka. "Ila sabuni inanunuliwa."

Akaeleza. Ati huwa anaenda Ujerumani kwenye maonyesho makubwa ya vitabu, anapewa meza, anapanga vitabu vyake. Wachapishaji wanapita. Wanachukua kijitabu, wanatabasamu, wanasema tutakuandikia. Hawaandiki. Wakisimama sana ni kumuuliza habari za Wagiriki wa zamani, wale wa miungu na nguzo za mawe.

"Sisi tulio hai hawatutaki," akasema. "Tuna waandishi wanaandika juu ya kodi ya nyumba, juu ya mama mgonjwa, juu ya kijana aliyekosa kazi. Wanatuambia hayo tunayo kwetu. Tuleteeni miungu."

Mimi Wagiriki niliwajua kanisani tu. Ni wale waliokuwa wakiandikiwa barua na mtume, na kila barua ni ya kugombezwa. Nikamwambia hivyo. Binti yangu alikuwa ameshatoka kuoga, akaniangalia kwa jicho la kuniambia ninyamaze. Sikunyamaza. Nikauliza, "Na sasa mmekosa wa kuwasoma huko kwenu Ulaya, ndiyo mkakumbuka sisi?"

Yule mwanamke akafikiri. "Ndiyo," akasema. "Ni hivyo."

Angalau hakudanganya.

Mpango wao ulikuwa huu. Kuna mchapishaji Nairobi, Mwafrika, aliyemwambia yule Mgiriki: mimi nachapisha vitabu vya shule, hadithi za kigeni haziniletei kitu, lakini nionyeshe watu wa bara wakikaa chini wakisikiliza hizo hadithi zako bila kulazimishwa, nitazichapisha kwa Kiswahili. Basi wakaanza. Jumamosi kwa Jumamosi, mezani kwangu. Mgiriki anasoma kwa lugha yake, anatoa Kiswahili chake cha pasi, binti yangu anakiandika upya kwa Kiswahili ambacho mtoto wa Nyeri anaweza kukishika. Walikuwa wakibishana juu ya neno moja mpaka sufuria yangu inaungua, kwa sababu niliwaachia jiko la makaa waliangalie na hakuna aliyekumbuka hata kama kumekucha au kumekuchwa.

Walianza kutafuta wasikilizaji. Kwanza walikwenda kwa Mhindi mwenye duka la madaftari na kalamu pale mjini. Mimi nilikuwa nao kwa sababu nilitaka kununua uzi. Mgiriki akaweka vijitabu vyake juu ya kaunta. Vilikuwa vyembamba, vya rangi ya samawati, alivyochapisha kwa mashine ya ofisi kama sampuli.

Mhindi akavigeuza geuza. "Hii ni ya mtihani?"

"Hapana. Ni hadithi."

"Ya darasa la ngapi?"

"Ya watu wazima."

"Mama," Mhindi akasema kwa huruma, "hapa mtu anaingia na karatasi ya shule, ananunua kitabu yenye iko kwa karatasi, anaenda. Mtu mzima kununua hadithi? Mimi nimekaa hapa tangu baba yangu. Sijaona."

"Naomba uviweke tu hapo mbele."

"Nitaweka. Panya akikula, si mimi."

Nikacheka kwa sauti. Binti yangu akanifinya mkono.

Halafu wakaja na wazo la Kangari. Huko ndiko dada yangu mdogo alikoolewa, kwenye majani chai. Mchana akina mama hupeleka chai kwenye kituo, wanaweka vikapu chini, na wanangoja lori la kiwanda lije kupima. Lori likichelewa wanakaa tu hapo wakisengenya. Binti yangu akasema hapo kuna watu wamekaa na hawana la kufanya. Likizo ilipofika tukaenda, mimi nikiwa wa kuwaonyesha njia na kuwaombea ruhusa.

Sitaki kudanganya, Kangari kulikwenda vizuri. Binti yangu alisimama juu ya jiwe akasoma hadithi ya mama mmoja wa kijiji cha Ugiriki ambaye mwanawe alikwenda Ujerumani kufanya kazi kiwandani. Kila sikukuu mama anapika, anaweka sahani ya mwana mezani, na mwana haji. Akina mama wa chai hawakumwacha asome. Walimkatiza kila mahali.

"Huyo ameoa huko!"

"Ameoa mzungu!"

"Na yeye si ni mzungu?"

"Ni mzungu wa huku. Ameoa mzungu wa kule."

"Mwambie huyo mama ale hiyo chakula! Inaharibika!"

Mgiriki alikuwa amesimama nyuma ya vikapu, mikono kifuani, macho yamejaa maji. Aliniambia baadaye kwamba miaka yote ya kazi yake hakuwahi kuona mtu akigombana na hadithi. Ulaya wanapiga makofi, wanakunywa divai, wanaenda. Mimi nikamwambia watu wa Kangari hugombana hata na mvua. Lakini nilimwona mwenyewe ameingiwa na kichwa kikubwa, na kichwa hicho ndicho kilichotuletea shida.

Akampigia simu mchapishaji. Mchapishaji akasema sawa, nitakuja nione, lakini Nyeri, barabara ya Kangari ni tope. Binti yangu akaomba ukumbi wa kanisa, siku ambayo chama cha akina mama wa kanisa hukutana. Mkubwa wa akina mama akakubali, maana aliambiwa mgeni wa kizungu atakuwepo, na alikuwa mtu wa kupenda wageni wa aina hiyo.

Ndipo swali likaja: wasome hadithi gani?

Mimi nilisema ile ya Kangari. Mtu akipata dukani kitambaa kinachomtosha, anarudi kwa kitambaa hicho hicho. Lakini Mgiriki alitaka nyingine, na hiyo nyingine nilikuwa nimeisikia mezani na nilikuwa nimetoka nje nikiisikia.

Ni hivi. Huko kwao, kwa sababu ardhi ya makaburi ni ndogo, mtu hazikwi moja kwa moja. Akishakaa miaka michache chini, jamaa zake wanarudi na kasisi, wanafukua, wanatoa mifupa, wanaiosha kwa divai, wanaiweka kwenye kisanduku, na kisanduku kinawekwa pamoja na vingine katika nyumba maalum ya mifupa. Hadithi ilikuwa ya binti ambaye aligombana na mama yake, mama akafa kabla hawajapatana, na sasa binti ndiye anaosha. Anaosha kichwa cha mama yake mkononi na anaongea nacho. Aliyeiandika alikuwa mama mzee wa kijiji huko kwao, bado yuko hai, na hakuna lugha nyingine iliyowahi kumchukua hata ukurasa.

"Hiyo hapana," nikasema.

"Maitu, ndiyo nzuri kuliko zote," binti yangu akasema. "Nilipokuwa naiandika nililia."

"Ulie hapa ndani. Huko ukumbini usiipeleke."

"Inakutisha tu."

"Hainitishi. Inanichafua."

Nikamgeukia Mgiriki nikamweleza polepole kama mtoto. Sisi mfu hatumshiki. Wakati wa nyanya yangu, aliyemgusa maiti hakuingia bomani mwake mpaka achinjiwe mbuzi na atakaswe. Wazungu ndio waliotufundisha kuzika kwa mikono, na hata hivyo, tukishafunika tumefunika. Kisha nikamwambia la pili: haya ni majira mabaya. Miaka hiyo ya tisini kila mimbari ilikuwa inahubiri waabudu shetani. Ati wako shuleni, wanavaa pete, wanafuga nyoka, wanachimba makaburi. Watoto walikuwa wakirudi nyumbani wanatuuliza maswali ambayo mtoto hapaswi kuyajua. Na wewe unataka mwalimu wa shule ya kanisa asimame mbele ya kanisa aoshe kichwa cha mtu kwa divai?

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, ile ya kijana wa Ujerumani angeweza kuiandika mtu yeyote. Hii ndiyo sisi. Nikimwonyesha mchapishaji zile rahisi tu, nitakuwa nafanya yale yale wanayofanya Ulaya. Watu wenu ni wakulima, wanajua kifo. Wataelewa."

"Watu wetu umewajua lini?"

Binti yangu akajibu kwa niaba yake. "Nitaisoma, Maitu. Nimeamua."

Ukumbi ulijaa. Mchapishaji alikuja, mwanaume wa viatu vinavyong'aa, akakaa mbele na kalamu mkononi. Mgiriki akasalimia, akasema maneno mazuri juu ya nchi yake ndogo na lugha yake inayosomwa na wenyewe tu. Akina mama wakampigia makofi. Halafu binti yangu akaanza, na anasoma vizuri, hilo sitamnyima. Mwanzo wa ugomvi wa mama na binti, watu walikuwa wanatikisa vichwa. Mpaka kasisi akafika na jembe likaingia ardhini. Nikaona vitambaa vya kichwa vinageukiana.

Alipofika kwenye divai, mkubwa wa akina mama akasimama. Alikuwa mwanamke mnene, mjane, mwenye sauti ya kuongoza nyimbo.

"Mwalimu, samahani. Hiyo divai ni ya nini?"

"Ni ya kuoshea."

"Kuosha nani?"

"Mama yake."

"Mama yake si umesoma alikufa?"

"Alikufa."

"Sasa anaosha nini?"

Binti yangu akatazama karatasi kana kwamba jibu lingine litatokea hapo. "Mifupa," akasema.

Mtu nyuma akasema, "Yesu!" Mwanamke mmoja akachukua mtoto wake akatoka. Mgiriki akainuka haraka, akaanza kueleza kwa kile Kiswahili chake kwamba ni desturi ya Kikristo, kwamba kasisi yuko hapo, kwamba divai ni ya heshima. Kila neno aliloongeza lilikuwa kuni. Divai! Kasisi! Kaburi! Mkubwa wa akina mama akainua mikono juu akaanza kuomba kwa nguvu, anakemea, na ukumbi mzima ukamfuata. Binti yangu alisimama katikati ya kelele hizo na karatasi mkononi. Mchapishaji aliweka kalamu mfukoni. Nilimwona akipitia mlango wa jikoni, viatu na vyote.

Kesho yake jioni habari ilikuwa imefika mtaa wa Majengo, na huko mifupa ilikuwa imeshapata nyama. Mwanamke niliyezoea kununua kwake mboga za sukuma, na aliyeniita Cucu, yaani nyanya, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Cucu, ni kweli binti yako anaweka kichwa ya mtu kwa kabati?"

"Kabati gani? Sisi hatuna kabati."

"Sasa anaweka wapi?"

Wazazi wengine walizuia watoto wao kwenda darasani kwake. Mwalimu mkuu akamwita binti yangu akamwambia kamati ya shule itakaa, aje na mzazi. Binti yangu alikuwa mtu mzima mwenye mtoto, lakini waliniita kama vile amekamatwa akiiba maembe.

Mgiriki naye akaja siku hiyo amevaa sketi ndefu, na begi lake, ati ataeleza utamaduni.

"Wewe utakaa nje," nikamwambia.

"Lakini mimi ndiye nilisababisha, mama."

"Ndiyo maana utakaa nje. Ukifungua mdomo wako humo ndani mtoto wangu atalala jela."

Akakaa nje kwenye benchi ya watoto wanaochelewa.

Ndani walikuwa mwalimu mkuu, mchungaji, mkubwa wa akina mama, na mwenyekiti wa kamati, mzee aliyestaafu kazi ya kilimo, mtu mtulivu. Mkubwa wa akina mama akasema neno lao. Jumapili, mwalimu asimame mbele ya ushirika aseme kitabu hicho ni cha shetani na alidanganywa na mgeni. Kisha karatasi zote zichomwe nje ya kanisa, watu wakiona. Akifanya hivyo yameisha. Kazi yake iko.

"Na nikikataa?" binti yangu akauliza.

"Mwalimu," mwalimu mkuu akasema haraka, "usiseme kukataa. Sema utafikiria."

Mimi nilikuwa nimeshafikiria. Karatasi ni karatasi. Ningezichoma mwenyewe na ningechemshia maji ya chai. Nikamgusa goti binti yangu nikamwambia kwa Kikuyu, choma, twende nyumbani. Akatoa goti.

"Kuchoma naweza," akasema. "Lakini kusema ni ya shetani, siwezi. Si ya shetani. Nitakuwa nimedanganya madhabahuni."

Yule mzee mwenyekiti akakohoa. "Mimi sikuwa ukumbini. Hadithi yenyewe inaishia wapi? Maana nasikia haikumalizwa."

Wenzake hawakujua. Binti yangu akafungua mfuko, akasoma ukurasa wa mwisho. Yule binti wa hadithi anakausha mifupa juani juu ya kitambaa cheupe. Anaipanga sandukuni. Anarudi nyumbani, anapika dengu, anakula, na anagundua kwamba amezitia chumvi nyingi kama mama yake alivyokuwa akizitia, kitu walichogombania kila siku. Anakula zote.

"Ni hiyo tu?" mzee akauliza.

"Ni hiyo tu."

"Dengu." Akaangalia mchungaji. "Sasa shetani anaingilia wapi?"

Nikaona mlango umefunguka kidogo. Mchungaji alikuwa anajikuna shingo, na mwalimu mkuu alianza kusema labda onyo tu lingetosha. Lakini mkubwa wa akina mama hakuwa mtu wa kuona mlango ukifunguka bila ruhusa yake. Akanigeukia mimi.

"Mama Mwalimu, wewe ni mtu wa kanisa tangu zamani. Sema mbele ya Mungu. Kuchimbua mtu aliyezikwa na kumshikashika, hiyo ni kazi ya Mungu ama ni ya shetani?"

Nikasema, "Hiyo hadithi siipendi. Niliwakataza. Inanichafua mpaka leo. Lakini kwa vile umeniuliza mbele ya Mungu, nitakujibu mbele ya Mungu. Marehemu mume wako alizikwa Nairobi. Ukoo ukashtaki azikwe kwao, mkashinda, akachimbuliwa. Akaletwa hapa kwa pikapu, na wewe ulitembea nyuma yake ukiimba, na mimi niliimba na wewe. Wakati huo shetani alikuwa wapi? Ama ni kwa sababu hakukuwa na divai?"

Mzee mwenyekiti alifunga macho. Yule mwanamke akainuka. Akachukua kitambaa chake, akatoka, akampita Mgiriki pale kwenye benchi, na Mgiriki, mjinga yule, akamwambia, "Kwaheri, mama."

Kikao kilifungwa kwa sala. Hakuna aliyetaja tena kuchoma. Lakini kabla muhula haujaisha, amri ya kumhamisha binti yangu ilikuwa imetoka, kwenda Kieni, upande ule mkavu ambako mlima unauona vizuri na maji huyaoni. Shule ya huko haikuwa ya kanisa. Nyumba ya mwalimu ilikuwa chumba kimoja. Mtoto abadilishe shule, mimi nichague kati ya mjukuu na mji.

Watu wa kanisa wanasema mdomo wangu ndio uliomhamisha. Wengine wanasema ni mifupa. Mimi nasema kanisa lilikuwa limeshaamua, na kama lilikuwa halijaamua, basi liliulizwa swali na halikulipenda. Ingekuwa leo ningeliuliza tena.

Mgiriki alikuja Skuta siku tunafungasha. Alisimama mlangoni, na mara hii hakusema shikamoo. Alikuwa ametoka kwa mchapishaji.

"Amekataa," akamwambia binti yangu. "Anasema watu wa bara hawako tayari."

"Kangari walikuwa tayari," binti yangu akasema.

"Nilimwambia. Akasema Kangari hakuwepo yeye."

Wakakaa wote wawili juu ya godoro lililokunjwa. Halafu Mgiriki akaanza kulia, akasema nisameheni, na akaniangalia mimi, kwa sababu binti yangu hakuwa na kitu cha kusamehe, alikuwa ameshamshika mkono.

"Wewe ulikuja na ndege na utaenda na ndege," nikamwambia. "Utampata mwingine, Uganda, Malawi, mahali popote wana kinywa laini cha kukukaribisha. Huyu wangu anaenda kuteka maji kwa punda."

"Maitu!"

"Nimesema uwongo?"

"Hapana, mama," Mgiriki akasema. "Si uwongo."

Binti yangu akamwambia kwamba kazi ataendelea nayo huko huko Kieni, hadithi zilizobaki atazimaliza, mchapishaji mwingine atatafutwa. Nilisikia hilo na nikaona damu inanipanda kichwani, maana nilifikiri angalau tumelipa tukamaliza. Lakini alikuwa mtu mzima na mshahara ulikuwa wake. Zile karatasi alizifunga ndani ya shuka la mtoto, katikati, mahali vitu visivyotakiwa kuvunjika vinafungwa.

Mgiriki akasimama kwenda. Mlangoni akageuka kwangu, akajifuta pua kama mtoto.

"Yule mama aliyeandika ile ya mifupa ananiuliza kila nikirudi. Ni mzee sana sasa. Anataka kujua tu kama kuna mahali hadithi yake ilisikilizwa. Nimwambie nini?"

Nilikuwa nimeshika kamba ya godoro kwa meno. Nikaitoa.

"Mwambie ilisikilizwa," nikasema. "Mwambie huko kwake wanaisoma wanalala. Sisi tuliisikiliza mpaka mtu akahamishwa."

Akaniangalia kama anayetaka kucheka na anaogopa. Hakupata nafasi. Nilimwambia asimame pembeni, tunatoa kitanda.